Pumu na mafua ya mzio: Moshi twautuliza, moto twauacha

Mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja alitungoja kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. "Shikamoo Shehe," alisema. "Mwanangu ana pumu, na mwaka huu ameazimia kufunga mwezi mzima. Je, akipuliza dawa yake mchana, saumu yasihi?" Swali hili si geni kwetu. Huulizwa kila unapokaribia mwezi mtukufu, nasi tumelijibu mara nyingi kwa kutaja kauli za wanazuoni na hoja zao, kisha muulizaji akashika njia yake nasi tukashika yetu. Safari hii tulimuuliza jambo ambalo, tukiri, tulipaswa kuwa tukiliuliza miaka yote hiyo: kijana hupuliza mara ngapi kwa siku?

Mama akafungua mkoba, akatoa inhela ya rangi ya buluu. Akasema kuwa kichupa kimoja hakivuki mwezi, na miezi mingine hununua viwili. Tukamuuliza, na pua yake je? "Ah, pua ndiyo kawaida yake tangu mdogo, Shehe. Akiamka alfajiri hupiga chafya mpaka adhana ikamalizika. Hilo tumeshalizoea."

Katika maneno hayo machache mlikuwa na habari nzito kuliko lile swali la saumu, nasi tumeona makala ya leo tuyaelekeze huko.

Inhela ya buluu aliyotuonyesha mama yule huwa na dawa iitwayo salbutamoli. Kazi yake ni moja: kulegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa mapafuni, ili mirija iliyobana ifunguke. Huifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na athari yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Kichupa kimoja kwa kawaida kina mipulizo 200. Anayekimaliza kwa mwezi, basi hupuliza takriban mara saba kila siku, na kwa mwaka atakuwa amemaliza vichupa 12. Jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, lijulikanalo kwa kifupi GINA, linatahadharisha kuwa kumaliza vichupa vitatu au zaidi kwa mwaka huhusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupatwa na mashambulizi makali, na kufikia vichupa 12 huhusishwa na ongezeko la hatari ya kufa. Huko Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari kilitoa mwaka 2014 ripoti iliyochunguza vifo 195 vya wagonjwa wa pumu. Ilibainika kuwa karibu wanne katika kila kumi waliokuwa wakitumia dawa hii ya kufungua waliandikiwa zaidi ya vichupa 12 katika mwaka wao wa mwisho. Ikabainika pia kuwa asilimia 45 ya wote waliofariki walikufa bila kuomba msaada wa tabibu, au kabla msaada huo haujawafikia.

Hayo ni ya Uingereza, penye madaktari na magari ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 waliishi na pumu na 455,000 walifariki kwa sababu yake. Vingi vya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato kama chetu.

Swali ni hili: dawa inayomfungua mtu kifua kwa dakika tano yawezaje kuandamana na mauti? Si kwamba salbutamoli ni sumu. Ni kwamba haigusi ugonjwa wenyewe.

Moto ulio ndani

Kwa muda mrefu hata matabibu waliidhania pumu kuwa ni mkakamao wa misuli tu. Leo inajulikana kuwa chini ya mkakamao ule kuna jambo jingine lililotangulia. Waarabu huliita iltihabu, neno la asili moja na lahabu, yaani ulimi wa moto. Sisi katika Kiswahili husema "uvimbe", neno ambalo huwapotosha wengi kwa sababu humfanya msikilizaji afikirie nundu au saratani. Tunalokusudia hapa ni utando laini unaotanda ndani ya njia za hewa kuwa mwekundu, kuvimba, kujaa majimaji na kuwa mwepesi wa kukasirika. Hali hiyo huendelea hata siku ambazo mgonjwa hajisikii chochote.

Asili yake, kwa wengi wenye pumu iliyoanza utotoni, ni mzio. Mfano wake ni wa mlinzi wa usiku aliyemdhania mgeni mwema kuwa mwizi. Mwili hukutana na vumbi, chavua ya maua au manyoya ya paka, vitu visivyo na shari, ukaviandalia silaha. Silaha hiyo ni kingamwili iitwayo IgE. Iligunduliwa kati ya mwaka 1966 na 1967 na watu wawili wawili, kila upande bila kushirikiana na mwingine: mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver, Marekani, na Johansson na Bennich huko Uppsala, Sweden. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha jina hilo.

IgE hujibandika juu ya seli maalumu zilizotawanyika katika utando wa pua na wa mirija ya mapafu. Siku kitu kile kikirudi, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini na kemikali nyinginezo. Hapo ndipo chafya, muwasho, kamasi nyepesi kama maji na kifua kubana hutokea, yote ndani ya dakika chache. Tena kuna awamu ya pili ambayo watu wengi hawaijui. Saa nne hadi nane baadaye huingia kundi jingine la seli, zikiwemo zile ziitwazo eosinofili, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizitambulisha mwaka 1879. Hizi huujeruhi utando wenyewe na kuuacha ukiwa umevimba kwa siku kadhaa.

Awamu hii ya pili yaeleza mengi katika nyumba zetu. Mtu hukung'uta magodoro alasiri, akapiga chafya kidogo, akasahau. Usiku wa manane kifua kinalia kama filimbi, na watu wa nyumbani wanaanza kulaumu baridi ya usiku, feni na maji ya barafu aliyokunywa wakati wa chakula. Lawama hiyo huenda kwa kilicho karibu, na vumbi la alasiri husalimika.

Moto huo ukiachwa kwa miaka, kuta za mirija hunenepa, tezi za makohozi huongezeka, na njia huweza kubaki nyembamba moja kwa moja. Mwenye kupuliza salbutamoli peke yake anafungua dirisha ili moshi utoke, na kwa kuwa moshi umetoka, anadhani moto umezimika.

Pua na pafu

Tunarudi kwenye zile chafya za alfajiri ambazo mama alisema wamezizoea. Zina jina: mafua ya mzio. Tofauti yake na mafua ya kuambukizwa ni kwamba hayana homa, hayaishi baada ya wiki moja, pua na macho huwasha, na kamasi hubaki nyepesi na nyeupe. Mtoto mwenye mafua haya utamwona akisugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, na wengine hupata mstari mdogo juu ya pua kwa sababu ya kusugua huko.

Matabibu wa kale walikwisha kuliona jambo hili kwa macho yao. Abu Bakr al-Razi, tabibu mashuhuri wa Rayy aliyeishi mpaka karne ya 10, aliandika risala fupi kueleza kwa nini Abu Zayd al-Balkhi alishikwa na mafua kila yaliponukia mawaridi katika msimu wa machipuko. Wanahistoria wa tiba huihesabu risala hiyo kuwa miongoni mwa maelezo ya kale kabisa ya maradhi haya. Karne mbili na ushei baadaye, huko Misri, tabibu wa Kiyahudi Musa bin Maymun aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya pumu, ambayo Waarabu huiita rabu, kwa ajili ya mgonjwa wake mmoja wa ukoo wa heshima. Humo alieleza kuwa shambulio la bwana yule lilianza kwa mafua, hasa nyakati za mvua, kisha pumzi ikamwia nzito. Pua kwanza, kifua baadaye. Hawakuwa na darubini, lakini walimsikiliza mgonjwa.

Sayansi ya zama zetu imethibitisha uhusiano huo kwa namna ambayo hata sisi ilitushangaza tulipoisoma. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio lao: waliwachukua watu wenye mafua ya mzio, wakaingiza kidogo cha kitu kinachowadhuru ndani kabisa ya sehemu moja ya pafu, bila kuigusa pua. Baada ya siku moja, utando wa pua nao ulikuwa umewaka. Kwa hiyo habari husafiri kwa damu baina ya ncha mbili za njia moja. Jopo la wataalamu lililokutana mwaka 1999 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, liitwalo ARIA, likatoa mwaka 2001 mwongozo wenye kauli kwamba njia ya hewa ni moja na maradhi ni mamoja. Kwa makadirio yao, zaidi ya wanane katika kila wagonjwa kumi wa pumu wana mafua ya pua pia, na miongoni mwa wenye mafua ya mzio, kati ya asilimia 10 na 40 wana pumu.

Isitoshe, pua ni mlango wenye kazi. Huchuja vumbi, huipasha hewa joto na kuitia unyevu. Ikiziba, mtu hupumua kwa mdomo, na hewa yote chafu na kavu huteremka kifuani bila kupita kwa bawabu. Ndiyo maana daktari mwenye kuijua kazi yake humwuliza mgonjwa wa pumu habari za pua, na mgonjwa wa pua habari za kifua.

Mikeka, mazulia na udi

Katika miaka ya 1960, Reindert Voorhorst na wenzake mjini Leiden walitambua kuwa sehemu kubwa ya shari ya vumbi la nyumbani haitokani na mchanga wala majivu. Inatokana na kidudu kidogo mno, chenye urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, cha jamaa ya utitiri na kupe. Hakiumi wala hakinyonyi damu. Hula magamba ya ngozi yanayotupukutika, na kinyesi chake ndicho kiletacho mzio. Kidudu hiki hakinywi maji. Huyavuta kutoka hewani. Kwa sababu hiyo hustawi penye unyevu, nasi watu wa pwani tumekaa katika unyevu mwaka mzima, tukalalia magodoro na mito ya sufi isiyofuliwa kamwe.

Hapa tuna deni letu. Zamani, tulipokuwa tukisomesha chuoni, alikuwapo mwanafunzi mmoja mdogo aliyekuwa akipiga chafya na kukohoa wakati wa darasa, hasa sisi tukiwa tumekunja mikeka. Tulimdhania mtundu. Adhabu tuliyompa ilikuwa kufagia chumba na kukung'uta mikeka ile ile. Alipolalamika kuwa kifua kinabana tulimwambia aache kudeka. Usiku mmoja alipelekwa hospitali, akalazwa siku tatu. Aliporudi tulimkalisha mlangoni penye upepo, na ufagio tukaupa mwingine, lakini hatukumwomba radhi. Leo tunajua kuwa tulimtuma mtoto aende akaukoroge ugonjwa wake kwa mikono yake.

Kwa hiyo tunawaambia walimu wenzetu na kamati za misikiti: zulia nene lililogandishwa sakafuni kwa miaka kumi ni pambo lenye gharama. Mkeka unaotolewa nje, ukapigwa jua na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji, ni bora kwa vifua vya wanaosujudu juu yake. Nyumbani, shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, yafikie nyuzi 60 ikiwezekana, na anayekung'uta asiwe mgonjwa.

Ama kuhusu udi na ubani, tunajua kuwa tunagusa jambo lipendwalo. Utafiti kutoka Oman, uliochapishwa mwaka 2009, uliwaangalia watoto wa shule katika nchi ambayo bukhuri huchomwa takriban kila nyumba. Haukukuta kuwa uchomaji huo huongeza idadi ya wenye pumu, bali ulikuta kuwa kwa watoto ambao tayari wana pumu, moshi huo huamsha kifua mara kwa mara. Hiyo ni tofauti nzuri kuijua. Hatumwambii mwenye nyumba aache mila yake. Twamwambia asiifukize chumbani alimolala mgonjwa. Moshi wa mkaa wa jikoni na wa sigara hauhitaji hata mjadala.

Dawa inayozima

Dawa ya kuzima moto wenyewe ipo, na si mpya. Ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, iliyoanza kutumika kwa njia hiyo mwaka 1972, au budesonidi. Huitwa dawa ya kinga. Hupulizwa kila siku, aghalabu asubuhi na jioni, mgonjwa awe anaumwa au hajisikii kitu. Haifungui kifua papo hapo, na hilo ndilo limeiponza: mtu huipuliza siku tatu, haoni tofauti, akaiweka kabatini. Inahitaji siku na wiki. Kwa pua ipo ya jamaa hiyo hiyo, hunyunyizwa puani mara moja au mbili kwa siku.

Watu huiogopa kwa jina la steroidi, na husemwa kuwa ukianza hutaacha. Tupime. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000. Mpulizo mmoja wa beklometasoni mara nyingi huwa na mikrogramu 100 tu, nao hutua pale pale penye ugonjwa. Mara nyingi anayeikimbia dawa ya kuvuta ndiye huishia kumezeshwa vidonge hivyo kila anapozidiwa. Madhara yanayoonekana zaidi ni sauti kukauka na ukoga mweupe mdomoni, na kinga yake ni kusukutua na kutema baada ya kupuliza.

Tangu mwaka 2019 GINA haipendekezi tena kwamba mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kila mmoja apate steroidi ya kuvuta ndani ya tiba yake. Ipo pia inhela moja inayochanganya budesonidi na formoteroli, ambayo huzima na kufungua kwa pamoja. Bei na upatikanaji bado ni mtihani kwa wengi wetu. Wenye zaka na sadaka wanaouliza waelekee wapi, hili ni mojawapo la kulitazama.

Kwa watoto wasioweza kuvuta sawasawa, kuna chombo cha plastiki cha kuunganisha na inhela, kiitwacho speisa. Kikikosekana, madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili kuishika inhela na kuzibwa vizuri pembeni, hufanya kazi sawa na ile ya dukani.

Wapo wanaotuuliza kama kupandisha maji puani wakati wa kutawadha hakutoshi kuwa tiba ya mafua haya. Tunaomba tusiyabebeshe mambo mzigo usiokuwa wake. Kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa na kutiwa chumvi kidogo husaidia kuondoa kamasi na vumbi. Lakini hakumtoshelezi mwenye moto mkali, wala udhu haukuwekwa badala ya daktari.

Turejee kwenye saumu

Ama swali la mama, wanazuoni wa zama hizi wametofautiana. Shehe Ibn Baz na Shehe Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia walisema inhela haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji na makusudio yake ni mapafu. Wengine, wakiwemo wengi wa madhehebu ya Hanafi na ya Shafi tuliyolelewa nayo pwani hii, waona kuwa hufunguza, kwa kuwa ni kitu chenye umbo kinachoingia ndani ya mwili kwa tundu lililo wazi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliiahirisha mas'ala hii ili ifanyiwe utafiti zaidi. Sisi twaelekea kauli ya kwanza, wala hatumlaumu aliyeshika ya pili.

Lakini zingatia: dawa ya kinga hupulizwa mara mbili kwa siku, na usiku wa Ramadhani una futari na daku. Mgonjwa aliyepangiwa vizuri na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, huenda asiihitaji inhela mchana hata mara moja, na hiyo hitilafu ya wanazuoni isimguse. Asiyepangiwa, akabanwa mchana, hana ruhusa ya kungoja magharibi. Apulize hapo hapo. Akiwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, au mipulizo haimpi nafuu, apelekwe hospitali bila kuchelewa, huku akiendelea kupuliza njiani. Mgonjwa ana rukhsa iliyo wazi katika Suratul Baqara, na siku aliyokula atailipa akipona. Mwenye kauli ya pili pia haikatai rukhsa hiyo.

Mama yule tulimwomba ampeleke kijana kliniki kabla ya mwezi kuandama, akachukue na vichupa vyote vitupu vilivyobaki nyumbani, ili daktari avihesabu mwenyewe.